Upande wa Kushoto

Kitambaa alikifuma mama mwenyewe kwa uzi mweupe wa pamba, maua sita madogo yakizunguka ua moja kubwa. Kwa miaka mingi kilikaa juu ya risiva ya baba. Juu ya kitambaa kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki, na nyuma ya maua picha ya baba akiwa kijana, amesimama kwenye ngazi ya meli. Mgeni angeweza kukaa sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga, akanywa chai, akaaga na kuondoka, asijue kwamba kile kisanduku cha mbao chini ya maua ni chombo cha muziki.

Jumamosi moja nikayatoa maua, nikakikunja kitambaa, nikaanza kuchomoa nyaya za nyuma. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unaipeleka wapi?"

"Naipeleka uani, mama. Nataka kuifungua."

"Usije ukaivunja, mwanangu."

"Siivunji. Nataka kuisikia tena."

Akanitazama kidogo, akarudi jikoni. Hakusema ndiyo wala hapana, nami nikaichukulia kuwa ndiyo.

Kwa wasioifahamu: risiva ni redio na amplifaya, yaani kikuza sauti, ndani ya kisanduku kimoja, na nyuma yake kuna matundu ya kuchomekea deki ya kaseti na mashine ya santuri. Spika zake hukaa mbali, moja kushoto na nyingine kulia. Hii ya kwetu ni ya Kijapani, ya mwaka 1976, ina uzito wa karibu kilo 14, na ina wati 50 kwa kila upande. Baba aliinunua Hong Kong mwaka 1977, enzi akifanya kazi chumba cha mashine kwenye meli ya mizigo, akaja nayo nyumbani pamoja na spika zake mbili. Wakati ule Tanzania Bara hakukuwa na televisheni, ambayo ilianza mwaka 1994, na bidhaa za nje zilizidi kuwa adimu kadiri tulivyoingia miaka ya themanini. Majirani walikuja kwetu kusikiliza taarifa ya habari, mpira, na yale matangazo ya vifo ambayo yaliwafanya watu wazima wote waache wanachokifanya na kunyamaza.

Nikiwa darasa la sita, upande wa kushoto ulianza kukaanga. Sina neno jingine. Ilikuwa sauti ileile ya mihogo inapotumbukizwa kwenye mafuta ya moto, haikomi, hata kama redio imefunguliwa kwa sauti ndogo kabisa. Akaitwa fundi, akafungua, akafunga, ikatulia kwa muda, kisha ikarudi. Siku moja haikuwaka kabisa. Fundi akarudi, ikawaka, lakini kukaanga kukabaki. Baba hakuita fundi mwingine. Alichofanya ni kuhamisha kiti chake, akakisogeza karibu na spika ya kulia, na hapo ndipo alipokaa miaka yake yote iliyobaki.

*

Kabla sijaeleza nilichokikuta ndani, nizungumze kidogo kuhusu hizo wati 50, maana ndizo zilizonifanya niiheshimu mashine hii kabla hata sijashika bisibisi.

Ukipita leo kwenye maduka ya vifaa vya umeme utaona sabufa za plastiki zimeandikwa wati 5,000, hata 10,000, na chini yake herufi PMPO. Nyanyua sabufa hiyo kwa mkono mmoja, itanyanyuka. Soma kibandiko cha nyuma, utakuta inakula wati 40 au 60 za umeme wa ukutani. Haiwezekani kitu kinachokula wati 60 kikatoa wati 10,000. Namba hiyo haipimi kitu chochote ambacho sikio linaweza kukisikia.

Mchezo huo si mpya. Huko Marekani, miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, kila kampuni ilijipimia wati kwa namna inayopenda. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ikaweka kanuni: ukitaja wati, taja nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja, na useme ni kwa spika ya omu ngapi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), katika masafa gani ya sauti, na kwa upotoshaji wa asilimia ngapi. Viwanda vya Japani vilivyokuwa vinauza huko vikalazimika kushindana kwa namba za kweli, na namba za kweli hutaka transfoma kubwa, kapasita kubwa za kuhifadhi umeme na mapezi makubwa ya aluminiamu ya kutolea joto. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana risiva za miaka ile ni nzito namna ile. Mwaka 1976 Pioneer walitoa SX-1250 yenye wati 160 kila upande, na miaka miwili baadaye SX-1980 yenye wati 270, ambayo uzito wake ni kilo 35 hivi, karibu sawa na mfuko wa saruji uliotumika kidogo. Ya baba ni ndogo sana mbele ya hizo. Lakini wati zake 50 ni 50 kweli, na zilitosha kuwatoa majirani majumbani mwao.

*

Parafujo nane zinaonekana kwa macho, hakuna gundi, hakuna vibanio vya plastiki vinavyovunjika ukivigusa. Mfuniko ukatoka.

Kwanza vumbi. Halikuwa vumbi la kawaida, lilikuwa limeshikana na unyevu wa bahari likawa kama sufi ya kijivu, limelala juu ya kila kitu. Mayai makavu ya mende. Mjusi mmoja mdogo aliyekauka akawa mwepesi kama jani. Nililitoa vumbi kwa burashi laini ya rangi, polepole, nikishikilia bomba la kufyonza vumbi kwa mbali, maana nyaya za miaka hiyo zimefungwa kwa kuzungushiwa kwenye vijiti vya chuma na sikutaka kuzisumbua.

Kisha nikaiona fyuzi.

Kibomba chake cha kioo kilikuwepo mahali pake, lakini juu yake, kutoka ncha hadi ncha, mtu alikuwa amezungushia uzi mmoja wa waya wa shaba. Ndivyo ilivyowashwa siku ile iliposhindwa kuwaka. Fyuzi ya ampea 3 iliyokatika iligeuzwa kuwa waya ambao usingekatika hata kwa ampea nyingi zaidi. Nilikaa chini, nikautazama ule uzi wa shaba kwa muda mrefu. Miaka yote ile baba alikuwa anasinzia kwenye kiti chake usiku, redio inaongea peke yake, na hakukuwa na kitu chochote kati ya umeme wa ukutani na mbao zile kavu. Fyuzi ni kitu cha bei ya peremende. Nina hasira na jambo hili hadi leo, na nikiona mtu amefunga waya kwenye fyuzi siwezi kunyamaza.

Kitu kingine nilichokikuta nyuma ni kile kiteuzi cha volti. Risiva zilizouzwa kwenye bandari na masoko ya kimataifa zilikuwa na kitufe cha kuchagua 110, 120, 220 au 240, ili baharia aweze kuipeleka kokote anakokwenda. Ya kwetu ilikuwa kwenye 220. Umeme wetu ni volti 230, na usiku wa manane, watu wakiwa wamezima vitu vyao, mita yangu husoma zaidi ya hapo. Mashine ikiwa kwenye 220 transfoma hutoa volti za ziada ndani, na volti za ziada huwa joto. Nikasogeza kwenye 240.

Joto ndilo ninalotaka kulizungumza zaidi, na hapa inabidi nirudi kwenye kitambaa cha mama. Chini ya kitambaa, mfuniko wa risiva una safu ya matundu membamba. Hewa ya baridi huingia chini, hupita kwenye mapezi ya aluminiamu, hutoka juu. Yakizibwa, joto hubaki ndani. Na kapasita za majimaji, zile zinazofanana na mapipa madogo, zina karatasi iliyolowana baina ya tabaka mbili za aluminiamu, na kizibo cha mpira chini. Yale majimaji hukauka kidogokidogo kupitia kwenye kizibo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Tanga Februari sebuleni ni nyuzi 32 bila kuwasha kitu. Weka kitambaa, weka chombo cha maua, washa redio tangu alfajiri hadi taarifa ya habari ya usiku, fanya hivyo miaka 20.

Sikumwambia mama wakati ule.

*

Mashine iliyolala miaka haichomekwi ukutani moja kwa moja. Inachomekwa kupitia balbu.

Nazungumzia balbu ya zamani yenye uzi unaowaka, si hizi za LED. Unaiunganisha kwenye njia ya umeme ili kila kinachoingia kwenye risiva kipite kwanza kwenye balbu. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na kubeba mzigo wote, na risiva inabaki salama. Kama ndani ni pazima, balbu inamulika mara moja wakati kapasita kubwa zinajaa, kisha inafifia mpaka uzi wake unabaki mwekundu hafifu. Ni kifaa cha kujitengenezea kwa kishikizo cha balbu, soketi na kipande cha waya, na kinaokoa vitu ambavyo huwezi kuvipata tena.

Tabu ni kuipata balbu yenyewe. Duka la kwanza LED, duka la pili LED, la tatu wakanishangaa. Mwishowe nikapata kwa muuza dawa za mifugo, maana wafugaji wa kuku bado wanazihitaji kuwapasha joto vifaranga. Nikanunua mbili, ya wati 60 na ya wati 100.

Nikaweka fyuzi mpya, nikaunganisha balbu ya 60, spika nikaziacha bila kuunganishwa, nikawasha. Balbu ikamulika uani pote, ikafifia. Kioo cha stesheni, kile chenye namba za masafa ya redio, kikapata mwanga hafifu wa manjano. Nikahesabu. Sekunde ya nne ikasikika *tak*: relei. Hiyo ni swichi ndogo ndani ya mashine inayozuia spika zisiunganishwe mpaka amplifaya ijipime na kutulia. Nilikuwa nimeisahau ile sauti. Utotoni tulikuwa tunaingoja, mimi na dada yangu, na yule aliyesema "tak" kabla yake alikuwa ameshindwa.

Nikaunganisha spika mbili za bei rahisi za majaribio. Kulia, muziki, na nyuma yake mvumo mzito. Kushoto, mvumo uleule, muziki mwembamba usio na besi, na mihogo inakaangwa kama siku zote.

*

Wapo wanaoshauri kwamba risiva ya umri huu ing'olewe kapasita zote na transista zote ndogo, vile vidude vya miguu mitatu vinavyokuza sauti, ziwekwe mpya, siku moja ikaisha. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu si uchumi. Ukibadilisha vitu 80 kwa mara moja na mashine ikagoma, una makosa 80 ya kutafuta, na hujui lipi lilikuwa la mashine na lipi ni lako. Isitoshe, utakuwa hujajifunza ilikuwa inaumwa nini.

Na stereo ina neema moja ambayo redio ya spika moja haina. Ni mapacha. Kila transista ya kushoto ina pacha wake kulia, kwenye bodi ileile, mara nyingi imegeuziwa uso kama kwenye kioo. Volti ya huyu inatakiwa iwe sawa na ya yule. Huhitaji kuwa mhandisi. Weka ncha ya mita kushoto, andika. Weka kulia mahali palepale, andika. Panapotofautiana, hapo ndipo pa kukaa. Nilinunua daftari la shule la kurasa 48, nikachora mstari katikati ya kila ukurasa, na majuma matatu yaliyofuata niliyaishi ndani ya daftari hilo, jioni baada ya kazi, juu ya meza ya uani.

Mvumo ulikuwa rahisi kuuelewa kwa sababu ulikuwa pande zote mbili. Ugonjwa wa mapacha wote huanzia kwa mama, yaani kwenye umeme wanaogawana. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na ukishapita kwenye dayodi nne za mwanzo, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, huwa mapigo 100. Kazi ya kapasita mbili kubwa ni kuyalainisha mapigo hayo yawe kama maji yaliyotuama. Zikikauka, mapigo yanapita, na ndiyo mvumo ule. Kapasita hizi hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kila mara kabla sijagusa kitu niliweka rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 1,000 baina ya miguu yake, nikangoja dakika nzima, kisha nikapima kuhakikisha. Usitumie bisibisi. Cheche yake huharibu kapasita na bodi, na inaweza kukuharibu na wewe.

Kupata kapasita mpya ndiko kulikochukua muda. Nilimwagiza ndugu yangu Dar, akanunua Kariakoo, zikaja kwa basi siku ya pili. Nilipoishika moja mkononi nikaona ni nyepesi mno. Nikaichana ganda kwa wembe: ndani ya pipa kubwa lililoandikwa mikrofaradi 10,000 kulikuwa na kapasita ndogo kama kidole gumba, imeunganishwa kwa nyaya mbili, na nafasi iliyobaki ni hewa. Tangu siku ile kabla ya kusoma kilichoandikwa napima kwanza uzito wa kitu kwa kiganja. Nyingine niliziagiza nje, nikazingoja wiki tano. Zilipofika zikalehemiwa jioni moja, na mvumo ukaondoka wote.

Ile sauti nyembamba ya kushoto ilikuwa kapasita moja ya kupitishia sauti kwenye bodi ya toni. Imeandikwa 4.7. Nikaing'oa, nikaipima, ikasoma 1.6. Pacha wake wa kulia akasoma 4.5, mzima kabisa. Kwa nini mmoja afe na mwingine aishi? Nilipochungulia nikaona jibu: ya kushoto imekaa ubavuni mwa rezista kubwa ya umeme, ile ambayo ukiigusa mashine ikiwa imewaka unaondoa kidole haraka. Miaka yote imekuwa ikichemshwa peke yake. Nikabadilisha zote mbili, na mpya ya kushoto nikaiinamisha upande wa pili, mbali kidogo na ile rezista.

*

Kukaanga ndiko kulikonishughulisha zaidi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mita. Punguza volumu hadi sifuri. Kama kelele inapungua pamoja na volumu, ugonjwa uko kabla ya volumu: kwenye redio, kwenye santuri, kwenye toni. Kama kelele haijali, iko baada yake, kwenye amplifaya yenyewe. Yetu haikujali. Volumu sifuri, mihogo ileile.

Mlangoni mwa kila upande wa amplifaya kuna transista mbili ndogo zilizokaa bega kwa bega. Hapa kwetu zilikuwa za namba 2SA726. Nilipomtajia namba hiyo mzee mmoja fundi redio wa siku nyingi, ambaye sasa haoni vizuri na ameacha kazi, hakuniacha nimalize.

"Ing'oe hiyo," akasema. "Hiyo ikizeeka inanong'ona, halafu inapiga kelele."

"Lakini ya kulia ni hiyohiyo, mzee, na iko kimya."

Akafikiri. "Basi zibadilishane mahali. Peleka za kushoto kulia, za kulia kushoto. Kelele ikihama, umemshika mwizi. Isipohama, unamsingizia."

Sikuwa nimewaza jambo rahisi namna hiyo. Usiku ule nikang'oa zote nne, nikaziandika kwa kalamu nyeupe, nikazibadilishana. Nikawasha. *Tak*. Spika ya kushoto, ile iliyokaanga tangu nikiwa darasa la sita, ilikuwa kimya. Mihogo ilikuwa inakaangwa kulia.

Nilipaswa kungoja transista zinazofaa. Sikungoja. Nilikuwa na BC556 nyumbani, transista nzuri, volti zake zinatosha, nikaziweka. Nikawasha, nikahesabu nne, tano, kumi. Relei haikulia. Dakika nzima, kimya. Nikapima kabla ya relei, upande ule: volti 36 za umeme wa moja kwa moja (DC), zinangoja kuingia kwenye spika. Zingeingia, koili ya spika ingeungua kwa sekunde chache.

Kosa lilikuwa la miguu. Transista ya Kijapani ya aina ile, uso bapa ukikutazama, huanza na emita, kisha kolekta, kisha beisi. Ya Ulaya ya familia ya BC huanza na kolekta, ikafuata beisi, ikaishia na emita. Vina umbo moja na ukubwa mmoja, na vinaingia kwenye matundu yaleyale bila kuonyesha dalili yoyote ya ubishi. Nilijua jambo hili, nimelisoma mara nyingi, na mkono wangu ukafanya ulivyofanya kwa sababu ilikuwa saa tano usiku na nilitaka kusikia. Swichi ndogo ya mwaka 1976 ndiyo iliyoniokoa, na tangu hapo kila nikisikia *tak* nasikia zaidi ya nilivyosikia utotoni.

Nikaagiza KSA992, ambayo miguu yake imepangwa kama ya ile ya zamani, nikachagua nne zilizokaribiana kwa kipimo, nikaweka pande zote mbili. Umeme wa moja kwa moja unaovuja kuelekea kwenye spika, ambao kwa kawaida usizidi milivolti 50, ulikuwa 62 kushoto nilipoanza. Sasa ukasoma 9. Kulia 11. Kwenye daftari niliandika namba hizo mbili na kuzizungushia duara.

Kazi zilizobaki zilikuwa za mikono tu. Dawa ya kontakti kwenye swichi na kwenye kitufe cha volumu, nikikizungusha huku na huku mara 50. Mafuta mapya ya kupitishia joto chini ya transista kubwa, maana ya zamani yalikuwa yamegeuka chaki. Kioo cha stesheni nilikisafisha kwa maji na sabuni kidogo upande wa mbele tu. Namba zimechapwa kwa rangi upande wa nyuma, nami nilijaribu pamba yenye spiriti kwenye kona moja, ikaondoka na nusu ya 108. Nusu hiyo haipo tena, na kila nikiwasha naitazama.

*

Nikairudisha sebuleni Ijumaa baada ya sala. Spika za baba, zilizokuwa chumba cha stoo, nilikuwa nimeshaziangalia: zilikuwa nzima. Nikaweka moja kushoto na nyingine kulia mwa risiva, umbali sawa kutoka kwenye kochi.

Redio kwanza. Masafa ya kati, ambako baba alikuwa akiipata Redio Tanzania, sasa yamejaa mlio wa chaja za simu na taa za LED za nyumba nzima, na stesheni ni chache. Lakini mshale wa FM, ambao enzi za baba tuliuzungusha tukasikia upepo mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho, sasa kila ukiusogeza unakuta mtu anaongea. Nusu ya kioo kile ilikuwa haina kazi nyumbani kwetu kwa karibu miaka 20.

Kisha mama akaniletea santuri. Sikujua kama bado anazo. Zilikuwa kwenye sanduku la nguo, zimefungwa kwenye khanga: sahani ndogo za taarabu za Tanga, za zama za Black Star na Lucky Star, vikundi ambavyo mama yangu akiwa msichana aliviona kwa macho yake. Mashine ya santuri nimeazima kwa rafiki.

Sahani nyingi za wakati ule ni mono. Watu hudhani mono kwenye stereo ni hasara, lakini kwa fundi hakuna kipimo kizuri kuliko hicho. Sauti ileile moja inakwenda kushoto na kulia. Kama pande mbili hazilingani, mwimbaji ataegemea kwenye spika yenye nguvu. Kama zinalingana sawasawa, sauti haitoki kwenye spika yoyote. Inasimama katikati, hewani, mahali ambapo hakuna kitu.

Nikashusha sindano. Vumbi la sahani, kisha fidla, kisha ngoma, kisha mwanamke akaanza kuimba.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba, palepale karibu na spika ya kulia alipokihamishia. Alisikiliza ubeti mmoja. Akageuza shingo akatazama spika, akatazama ukuta ulio wazi katikati ya spika mbili, palipokuwa na maua. Akainuka bila kusema neno, akashika kiti kwa mikono miwili, akaanza kukiburuta. Nikainuka kumsaidia. Akanizuia kwa kiganja, akakiburuta mwenyewe hadi katikati ya chumba, akakaa.

"Yuko pale," akasema, akionyesha ukuta kwa kidole. "Amesimama pale."

Sahani ilipokwisha akaomba kitambaa chake. Nikamweleza habari ya matundu na joto, kwa sauti ya chini, nikichagua maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaninyooshea mikono nimpe, akakikunjua, akaniambia niinyanyue ile redio. Nikainyanyua, kilo 14, nikaishikilia kifuani huku yeye akikitandaza juu ya meza, akiyanyoosha maua sita moja moja.

"Haya," akasema. "Iteremshe."